Bastola ya Babu ilivyonitoa jasho Mlali

Asikwambie mtu, mpenzi msomaji, kuna safari fupi ambazo ni ndefu kuliko kwenda Mwanza. Kutoka Mlali hadi Morogoro mjini ni kama kilomita 25 tu. Unapita Mzumbe, unatokea Sangasanga, unashika lami ya Iringa, umefika. Lakini siku hiyo mwenzenu niliona kama gari linarudi nyuma.

Nilikuwa kiti cha mwisho cha Hiace, nimepakata kikapu. Juu ya kikapu nyanya. Chini ya nyanya khanga ya Bibi. Ndani ya khanga, bastola.

Siyo ya kuchezea watoto. Rivolva ya Mwingereza, chuma kitupu, uzito wa kilo moja na ushee. Pembeni yangu Mjomba, kimya, anatazama dirishani kama mtu anayepelekwa hospitali. Mbele yetu mama mmoja aliyeshuka na kabichi zake kutoka Mgeta, na kila gari likiruka shimo ananigeukia.

"Kaka, hizo nyanya unauzaje?"

"Siyo za kuuza, mama."

"Sasa mbona umezikumbatia hivyo?"

Jasho lililonitoka hapo ungeweza kumwagilia tuta zima la mchicha. Barua ya mwenyekiti wa kijiji ilikuwa mfukoni mwa shati, imeeleza kila kitu vizuri: kwamba hawa ni watoto wa marehemu fulani, wanakwenda kusalimisha silaha kwa hiari. Lakini si unajua tena, mpaka uitoe barua, isomwe, ieleweke, abiria wote watakuwa wameshatokea madirishani.

Sasa nianzie nyuma kidogo.

Babu mzaa mama alifariki katikati ya mwaka 2022. Baada ya arobaini ndugu wakakaa kugawana. Vitu vyenyewe vilikuwa vichache: shamba, baiskeli, redio, jembe la mkono, na sanduku la bati. Sisi Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo wapwa zake Babu nao walikuwa na lao kuhusu shamba, na huo ni mkasa mwingine wa siku nyingine. Sanduku aliachiwa Bibi. Lakini kila mtu pale, mpaka watoto, alijua ndani ya sanduku kuna nini, maana hadithi yake tumekua nayo.

Hadithi ni hivi. Mwaka 1916, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, baba yake Babu alikuwa askari wa Mjerumani. Makaburu wakaja na farasi. Pale kwenye kilima cha Kisagale, karibu na kwetu, kukawa na patashika nguo kuchanika. Mzee akamvuta ofisa mmoja wa Kikaburu kutoka juu ya farasi, wakagaragazana, akamnyang'anya rivolva yake, akakimbilia milimani akaificha kwenye pango mpaka vita ilipokwisha. Babu alipokuwa anasimulia alikuwa anainuka kwenye kigoda, anashika hatamu, anaanguka, anapiga kelele za farasi. Usipime.

Na vita vyenyewe si uongo. Tarehe 24 Agosti 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali Enslin walifika Mlali, wakakamata Kisagale ambako Wajerumani walikuwa wameweka ghala la mizinga. Wakapigana hapo, Wajerumani wakapandisha milima njia ya Mgeta, na tarehe 26 majeshi ya Mwingereza yakaingia Morogoro mjini. Yamo vitabuni. Kidato cha pili, mwalimu wa historia alipofika kwenye vita hiyo mwenzenu nikanyoosha mkono, nikasimama, nikalimwaga lote, farasi na pango. Darasa zima likapiga makofi. Matokeo yangu ya kidato cha nne tusiyaulizie, lakini siku ile niliula. Kwa muda wa wiki mbili nilikuwa mjukuu wa shujaa.

Usiku wa kuamkia siku ya tanga la mwisho, Mjomba akaniita chumbani. Akafungua sanduku. Chini ya suti ya Babu ya kaki kulikuwa na kifurushi cha gunia lililolowa mafuta, na kopo la maziwa ya unga. Akafungua gunia.

Nakiri, ilikuwa nzuri. Nyeusi, mtutu wa inchi sita, mpini mpana wa kujaza kiganja, na pete chini yake ya kufungia kamba. Mdomo wake mpana, unaingiza ncha ya kidole. Kwenye kopo mlikuwa na risasi tano zilizoota kutu ya kijani.

"Mjomba," akaniambia kwa kunong'ona (sisi tunaitana hivyo wote wawili), "hii ni pampu."

Alikuwa na maana ya pampu ya maji. Msimu ule nyanya zilikuwa zimemtia hasara mbaya, sandarusi zinaozea barabarani hakuna wa kununua, na alikuwa anadaiwa mbolea. Kumbe alishaongea na jamaa mmoja wa Dar anayenunua vitu vya kale. Jamaa ametaja laki nane. Anasema kuna wazungu wanapenda, kuna wahindi wanapenda, na kuna watu wengine ambao hakutaja wanapendea nini.

Niliposhika tochi niitazame vizuri, nikaona maandishi ubavuni. WEBLEY MARK VI. Na mwaka. 1917.

Nikaufuta kwa kidole, nikamulika tena. 1917.

Mpenzi msomaji, hata kama hisabati ulipata F, hii unaiweza. Vita vya Kisagale, Agosti 1916. Bastola imetengenezwa 1917. Siku baba yake Babu anamvuta Kaburu kutoka kwenye farasi, bastola hii ilikuwa bado haijazaliwa.

Sikumwambia Mjomba. Nilirudisha gunia, nikasema inapendeza, nikaenda kulala, na sikulala.

Yule jamaa wa Dar alikuwa anapiga simu kila siku. Mjomba akaweka sauti nje, na mimi nikauliza swali moja la kishamba: risasi zake zinapatikana wapi? Jamaa akacheka. Akasema za kwake zenyewe adimu siku hizi, lakini hilo si tatizo, kuna fundi anachonga silinda nyuma kidogo halafu inachukua 45 ya Kimarekani, ambayo ni rahisi kuipata.

Neno hilo likaniingia. Nilikuwa nadhani risasi ni risasi, kama betri za tochi, ubaya wake ni ukubwa au udogo tu. Nikaanza kuchimba, nikasoma kila nilichokipata, na ukweli nilinogewa.

Rivolva hizi za Webley Waingereza walizipokea jeshini mwaka 1887. Tundu sita, na kipimo chake ni nukta 455 ya inchi, karibu milimita 11 na nusu. Mark VI, kama ya Babu, ilikuja 1915 katikati ya vita. Risasi yake ilikuwa na kichwa cha risasi tupu, gramu 17 hivi, zaidi ya mara mbili ya kichwa cha bastola ya kawaida ya milimita 9 ya siku hizi. Mbio haina. Inakwenda polepole kuliko sauti. Lakini ni nzito, na wazo lao lilikuwa hilo hilo: mtu anayekujia na mkuki asimame pale pale, asipige hatua nyingine. Mtu mwenyewe anayekuja na mkuki unamjua ni nani. Siyo Mfaransa.

Na hapo ndipo palipo na mambo. Risasi ya kwanza ilikuwa ya baruti ya moshi. Mwaka 1897 wakatoa ya pili, Mark II, ganda fupi zaidi maana baruti mpya isiyo na moshi haikuhitaji nafasi kubwa. Haikuwaridhisha. Mwaka 1898 wakatoa ya tatu, ambayo kichwa chake kilikuwa na shimo mbele kama kikombe, ili ikiingia mwilini ipanuke. Mwaka 1899 mataifa yakakaa The Hague kule Uholanzi, yakakataza risasi zinazopanuka mwilini. Mark III ikatolewa. Lakini soma maandishi madogo: makubaliano yale yaliwafunga wao kwa wao, nchi zilizotia saini zinapopigana zenyewe. Sisi wa huku hatukuwa tumetia saini kitu. Halafu 1912 wakatoa nyingine yenye ncha bapa kama kisoda. Vita ilipoanza 1914 nayo ikaondolewa, wakarudi kwenye Mark II ya zamani yenye ncha ya mviringo. Yaani wakubwa wazima, wenye masharubu, miaka kumi na kitu wanabishana juu ya sura ya pua ya risasi.

Ile ya kuchonga silinda nayo ni kweli ilifanyika. Baada ya Vita Kuu ya Pili Webley nyingi ziliuzwa Marekani zikachongwa hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba 45 ya Kimarekani inasukuma kwa nguvu kuliko ile ambayo bastola hizi zilipimiwa kiwandani. Unaweza ukafyatua leo, kesho, keshokutwa, halafu siku moja silinda ikapasuka mbele ya macho yako. Nikamwambia Mjomba. Akajibu kwamba siyo yeye atakayefyatua.

Nilichosoma pia ni kwamba mwaka 1932 Mwingereza alipunguza ukubwa. Jeshi likachukua rivolva nyepesi zaidi ya 38, na polisi wa makoloni nao wakawa na za 38. Ile 455 ikaanza kuwa ya kizee. Nilivyo bingwa, nilijua habari zote hizo na sikufikiria hata mara moja kuzitazama zile tano za kwenye kopo.

Jambo lingine nililomwambia Mjomba ni kuhusu sheria, na hapo sauti yangu ilitetemeka kweli. Kukutwa na bastola bila kibali hapa kwetu siyo kesi ya kuku. Inaingia kwenye uhujumu uchumi. Watu wanahesabu miaka, siyo miezi. Mjomba akanitazama, akasema, "Babu yako alikaa nayo miaka mingapi?" Nikakosa jibu.

Aliyekata shauri ni Bibi. Mwaka huo huo Serikali ilikuwa imetangaza kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari, anayerudisha haulizwi. Redio ikatangaza asubuhi, Bibi yuko jikoni anapepeta mchele. Hakusema kitu. Jioni akatuita wote wawili.

"Hicho chuma kiondoke kwangu kabla mwezi haujaisha."

Mjomba akaanza, "Mama, lakini ni kumbukumbu ya Kisagale..."

Bibi akamtazama. Halafu akafanya kitu ambacho wakati ule sikukielewa: akacheka kidogo, kicheko cha puani, akarudi kwenye ungo wake.

Ndiyo hivyo tukajikuta kwenye Hiace na nyanya.

Kituoni tulipokelewa vizuri, tofauti na nilivyokuwa nawaza usiku. Barua ikasomwa, tukapewa benchi, akaitwa afande mmoja mtu mzima wa ghala la silaha. Akakaa, akavaa miwani, akafunua khanga. Akatabasamu kama mtu aliyekutana na mwanafunzi mwenzake.

"Sijaiona hii siku nyingi," akasema.

Akabonyeza kitu pembeni kwa dole gumba, bastola ikakunjuka katikati kama mtu anayeinama kuokota shilingi, na katikati ya silinda pakainuka kidude cha kusukuma maganda nje. Zilikuwa zimepakwa mafuta sehemu zote. Mtutu ndani unang'aa. Afande akasema aliyekuwa anaitunza alikuwa mtu makini sana. Mjomba akavimba kifua.

"Na hizi ndizo risasi zake?" Afande akachukua moja kwenye kopo, akaidondosha kwenye tundu.

Ikazama. Haikusimama na kitako chake mlangoni kama inavyotakiwa. Ilizama mpaka kitako kikapotelea ndani, kama senti kwenye kibubu. Akaigeuza bastola, risasi ikadondoka mezani. Akaweka ya pili. Ikazama. Akaigeuza, ikadondoka.

"Vijana," akasema, na sasa anazuia kicheko, "hii ni nne-tano-tano. Mlizoleta ni thelathini na nane. Ni kama unavaa kiatu cha baba yako. Hata ungefyatua mpaka Krismasi, nyundo ingegonga hewa."

"Labda zile zenyewe zilikwisha," Mjomba akasema.

"Labda." Afande akachungulia tena mtutu kwenye mwanga wa dirisha. "Lakini huu mtutu, mzee wenu hakuufyatua. Au kama aliufyatua, zamani sana."

Akajaza fomu, akatupa hati ya mapokezi, akatushukuru. Njia nzima ya kurudi Mjomba hakusema neno. Hata nyanya tulizisahau pale kituoni.

Jioni hiyo nilimkuta Bibi amekaa peke yake kizingitini. Nikakaa chini karibu naye. Nikamwambia kuhusu 1917. Nikamwambia kuhusu risasi zinavyozama.

"Kwa hiyo na wewe umejua, mume wangu," akasema. Ndivyo anavyonitania toka nikiwa mdogo.

Babu alikuwa mkata mkonge. Kwenye miaka ya sitini alifanya kazi shamba moja la Mgiriki njia ya kwenda Dar es Salaam. Bei ya mkonge ilianza kuporomoka baada ya 1964, kamba za plastiki zimeingia duniani, na Mgiriki akaanza kulipa kwa kuchelewa, kisha nusu nusu, kisha hakulipa. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na Oktoba mwaka huo Serikali ikataifisha mashamba makubwa ya mkonge. Mgiriki akafunga mizigo. Babu anamdai miezi mitatu, mama yangu ndiyo kwanza anazaliwa. Akaenda kusimama kwenye veranda yake siku mbili. Siku ya pili Mgiriki akatoka na kile kifurushi na boksi la risasi. Akamwambia hii ina thamani kuliko mshahara wako wa mwaka, hapa hata simba haingii.

Babu akarudi Mlali kwa miguu, usiku, ameificha kwenye kata za mkonge.

"Akanionyesha kwa furaha," Bibi akasema. "Wiki ile ile nguruwe wakaingia kwenye mihogo. Akatoka nayo. Nikasikia ka, ka, ka. Akarudi. Akakaa hapo ulipokaa wewe. Akawasha kibatari, akaziweka, zinazama. Anazigeuza, zinatoka. Mpaka alfajiri."

"Hakumrudia Mgiriki?"

"Alimrudia. Nyumba ilikuwa na kufuli."

Sijui Mgiriki alimtapeli makusudi au na yeye alikuwa hajui. Kwa wakati ule jeshi la Uingereza lilikuwa limeshaitupa nne-tano-tano miaka ishirini nyuma, na risasi za 38 ndizo zilizokuwa zimebaki mkononi mwa watu. Mwaka 1905 Kinjikitile wa Ngarambe aliwaambia watu risasi zitageuka maji. Za Babu zilikuwa maji toka kwenye boksi.

Nikauliza: na wale wezi? Maana hiyo nayo ni hadithi mashuhuri kijijini, wengine walioshuhudia wako hai. Wezi watatu walivunja mlango usiku mmoja, Babu akatoka chumbani na rivolva mkononi, hakusema hata neno, wezi wakatoka nduki mmoja akaacha kandambili.

"Hiyo kweli," Bibi akasema. "Nilikuwa nyuma yake nimemshika shati. Alikuwa anatetemeka mgongo mzima. Mkono tu ndiyo ulikuwa hautetemeki."

Baada ya usiku huo watu wakaanza kuuliza ameipata wapi. Angesema nini? Nililipwa jasho langu kwa chuma kisicholia? Kilima kiko pale, vita vilikuwepo, wazee waliopigana wameshakufa. Kisagale ikafaa. Mwaka 1983, kwenye msako wa wahujumu uchumi, aliifukia chini ya mgomba miezi minne, halafu akaifukua akaipaka mafuta upya. Kila mwezi alikuwa anaipaka mafuta.

Niliomba ruhusa ya kuyaandika haya. Bibi alisema niandike, ila jina nisitaje, na nisimchekeshe sana. Nimejitahidi. Mjomba bado hajapata pampu, na majuzi pale kijiweni Mlali nimemsikia anawasimulia vijana wa bodaboda habari za Kaburu na farasi. Alipofika kwenye pango akanitupia jicho. Nikatazama pembeni.

Jioni ile, kabla sijanyanyuka kizingitini, Bibi aliniomba ile hati ya polisi. Hajui kusoma vizuri. Akaigeuza geuza.

"Wameandika nini?"

"Rivolva moja aina ya Webley. Risasi tano."

"Hawajaandika kwamba haziingii?"

"Hawajaandika, Bibi."

Akaikunja mara nne, akaingia ndani. Nikasikia mfuniko wa sanduku la bati unafunguliwa, kisha unafungwa.